Neno Nililoliacha Kwenye Barua ya Kiti

Kasongo, Jumapili alasiri. Mvua inanyesha tangu asubuhi, si ile ya kishindo, ni ile ndogo ya kuchosha. Nguo nilizofua juzi bado zina unyevu. Nimekaa ndani, sina hamu ya kuona mtu.

Siku nne sijaandika kitu hapa. Niliogopa, kwa sababu humu ndani huwa sidanganyi.

Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni Mwavita, mwalimu wa historia. Tangu mwaka jana ninasaidia makumbusho moja ya Ulaya yenye vitu vingi vilivyotoka kwetu Maniema enzi za Wabelgiji. Wao wananitumia picha, mimi ninazunguka kwa pikipiki kuwauliza wazee: hiki ni cha nani, kiliitwaje, kilikuwa na kazi gani. Majibu tunawapelekea wao, halafu tunayafundisha pia shuleni kwetu. Sijawahi kupenda kazi nyingine kama hii.

Kati ya picha hizo kulikuwa na kiti kidogo cha mti. Mwanamke amepiga magoti, amekibeba kwa kichwa na mikono miwili. Mkono wa kushoto ulipasuka zamani, mtu akaufunga kwa waya wa shaba.

Wenye kiti niliwapata kijiji cha Wamaza. Mzee Sumaili, ambaye macho yake yamefifia, alinieleza habari za ule waya kabla sijamwambia kwamba upo. Babu yake ndiye aliyeufunga, kabla kiti hakijachukuliwa na mkubwa mmoja wa Serikali. Yeye mwenyewe hajawahi kukigusa. Alisimuliwa na baba yake, naye baba alikufa akikitaja.

Makumbusho wakatengeneza mfano wa kile kiti kwa mashine, wa plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya mti, ili wanafunzi wajifunzie. Madamu Greta, anayesimamia kazi hii kule, aliandika barua kwa Kifaransa, akaniomba niitafsiri kwa Kiswahili isomwe kwa familia. Barua yake ilikuwa wazi. Ilisema hii ni nakala, kiti chenyewe bado kiko kwao, na habari ya kukirudisha bado inazungumzwa.

Mimi niliandika: kiti kinarudi.

Neno nakala nilikuwa ninalijua. Nimefundisha neno hilo darasani. Lakini mara ya mwisho nilipoita watu kwenye darasa moja la Kabambare kuona picha walikuja sita, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia jua. Nilitaka safari hii darasa lijae. Nilitaka Ulaya waone kwamba kwetu watu wanajali. Nikajiambia nitaeleza vizuri siku yenyewe, kwa mdomo.

Barua ikasomwa, na Jumatano darasa lilijaa, wengine wakasimama madirishani.

Mzee Sumaili alifika akiwa ameketi nyuma ya baiskeli. Faida, mtoto wa dada yake, alikuwa ameisukuma kwenye matope siku mbili kutoka Wamaza. Mzee alivaa koti jeusi, na mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kipya. Nikamwuliza ni cha nini. Akasema ni cha kufunikia kiti njiani, kisinyeshewe.

Hapo ningeweza kusema.

Nilikitoa kwenye sanduku, wanawake wakapiga vigelegele, nikamwekea mapajani. Vidole vyake vilipita usoni mwa yule mwanamke, vikashuka begani, vikafika kwenye waya. Akajaribu kupenyeza ukucha chini yake. Ukucha haukuingia. Akajaribu upande wa pili. Waya na mkono vilikuwa kitu kimoja.

"Waya haiko waya," alisema polepole. "Faida, angalia. Ao vidole vyangu ndivyo vimekufa?"

Faida akainama, akakinusa, akakigonga kwa kidole. "Hapana, mujomba. Hii ni plastiki."

Vigelegele vilikuwa vimeshakoma. Mzee akanigeuzia uso.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Wazungu hawakunielezea muzuri."

Ndivyo nilivyosema. Mbele ya wanafunzi, mbele ya wazazi wao, nikiwa nimesimama wima.

"Basi walituiba mara mbili," akasema mzee. Akakunja kitambaa chake, akakitia mfukoni mwa koti. Wanawake walikuwa wamepika wali na kuku, mzee hakugusa. Faida alimsaidia kupanda, akaishika baiskeli, wakaondoka na mvua ile ile waliyokuja nayo.

Nilirudi Kasongo nikiwa na sanduku nyuma ya pikipiki.

Ijumaa kukaja habari kutoka Lusangi. Familia iliyokubali kutuonyesha ngoma ya ukoo wao imekataa. Wanasema watu wale wa makumbusho ni wezi wenye adabu. Kule Kabambare wazazi wamewakataza watoto wao kuongea kwenye simu na wanafunzi wenzao wa Ulaya, mazungumzo ambayo mimi na Madamu Greta tumeyaandaa miezi na miezi.

Jana rezo ya simu iliporudi nikakuta ujumbe wake. Anauliza watu waliipokeaje barua. Ananishukuru kwa kuitafsiri vizuri. Mwanamke huyu anabishana na wakubwa wake kila wiki kwa ajili ya vitu vyetu, na mimi nimemfanya mwizi kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Asubuhi hii nilimwandikia yote, bila kupunguza. Jibu lake lilikuwa mistari mitatu. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema itabidi awaambie wakubwa wake, na kwamba kazi itasimama kwanza. Halafu akauliza: na wao, umewaambia?

Nikampigia Faida. Nilimwambia nilijua, tangu siku ya barua.

"Mujomba alipata homa njiani," akasema. "Sasa iko nafuu. Lakini hataki simu. Anasema mwenye neno alilete kwa miguu yake."

"Utamwambia ninachosema?"

"Mimi? Hapana. Hayo ni yako, mama mwalimu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyesukuma baiskeli siku nne, kwenda na kurudi, kwa sababu ya neno moja la mtu mwingine.

Sijui kama bado nitakuwa na kazi hii. Sijui kama Lusangi watafungua mlango tena, na pengine hawatakosea wakiufunga. Ninachojua ni kwamba Alhamisi sina masomo. Nitapanda pikipiki mpaka pale barabara inapokufa, halafu nitatembea. Mzee asiponikaribisha ndani, nitasema nikiwa nimesimama uani, kwa sauti, majirani wakisikia. Uongo wangu niliusema mbele ya watu.