Mkutano wa Siri Uliohitaji Picha

Mwenzangu, hivi baba atakubali tena nimpeleke popote? Sijui. Nakuandikia sasa hivi, tumerudi tu.

Unajua nilivyohangaika wiki tatu kumtafutia kikundi cha watu wanaojitahidi kuacha pombe. Leo akanyoa ndevu, akavaa shati alilovaa harusini kwa kaka, tukaenda. Tangazo lilisema, "Siri yako ni yetu."

Siri! Mlangoni tukakuta daftari: jina kamili, namba ya simu, mwajiri. Mwajiri, mwenzangu!

Kisha mratibu, bwana wa tai na ulimi wa asali, akakunjua bango refu kama shuka: WALEVI TUNAOBADILIKA. Akampa baba ashike ncha moja. "Mzee, tabasamu kidogo, wafadhili wapende."

Wafadhili wapende! Watu tisa wanazama, yeye anawapanga wafupi mbele.

Baba akauliza kwa upole, "Na mkutano wenyewe ni saa ngapi?"

"Mkutano ndio huu, mzee. Tukishapiga picha, tunatawanyika."

Ndio huu!! Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba akalikunja lile bango taratibu, akaliweka mezani, akatoka. Fundi cherehani mmoja na mwalimu mstaafu wakamfuata. Tukasimama wanne kwenye ngazi, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Nikawaambia wote, baba akiwemo: "Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana sebuleni kwetu. Hakuna daftari, hakuna kamera. Atakayetaka kusema atasema, na sisi wengine tutamsikiliza."