Maelezo Kuhusu Mchezaji Aliyeitwa Nyota ya Reli

JAMHURI YA KENYA
HUDUMA YA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Nambari ya OB: 31/14/6/2025
Kosa linalochunguzwa: Shambulio na kusababisha majeraha, Kware
Jina: Sylvance Ochola
Umri: Miaka 43
Kazi: Karani wa ghala, Industrial Area
Makazi: Jericho, Nairobi
Tarehe ya kuandikisha: 18 Juni 2025, saa tatu na robo asubuhi

Mimi ndimi mwenye jina na anwani iliyo hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afisa ameniambia kwamba ninayoyasema yanaweza kutumiwa dhidi yangu, nami nimeelewa.

Tangu mwaka wa 2021 mimi ni msimamizi wa klabu ya sataranji, mchezo ambao wengi wetu tunauita chesi. Tunacheza kwenye tovuti kwa simu na kuzungumza katika kundi la WhatsApp. Tuko wanachama mia moja na arobaini, wengi wa Eastlands. Kila anayejiunga hunitumia jina lake halisi na mahali anapoishi, kisha huchezea jina la kubuni. Mimi najiita Mfalme wa Jericho. Majina halisi na anwani za watu ninazo mimi peke yangu.

Mwezi wa Machi mwaka huu alijiunga mtu anayejiita Nyota ya Reli. Jina lake halisi aliloniandikia ni Triza Khavere, wa Kware, ghorofa ya pili katika jengo lililo karibu na kisima cha maji. Sikuwa nimewahi kumwona.

Mnamo tarehe 8 Juni 2025, Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri, tulikuwa na mashindano ya klabu. Nyota ya Reli alinishinda. Alikuwa amenishinda mara mbili kabla ya hapo. Mchezo wa tatu ulitazamwa na wanachama wengi, na nilipopoteza malkia wangu waliandika vichekesho. Mmoja aliandika, "Mfalme ameanguka kitini."

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni nilirudia mchezo ule hatua kwa hatua. Niliona kwamba kila hatua yake ilichukua kati ya sekunde kumi na kumi na nne. Hatua rahisi na hatua ngumu, muda ni ule ule. Mtu anayesaidiwa na kompyuta huwa hivyo. Nilituma ripoti kwa tovuti kupitia fomu yao. Fomu ile inaeleza wazi kwamba ripoti ni ya siri na mtu asitajwe hadharani kabla uchunguzi haujaisha. Nimewahi kuwasomea wanachama maneno hayo mimi mwenyewe.

Baada ya kutuma fomu niliandika katika kundi: "Nyota ya Reli tunamchunguza kwa udanganyifu. Tazameni muda wake."

Kufikia saa mbili usiku kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili. Walimwita mwizi, walimwita kompyuta, na mengine sitaki yaandikwe hapa. Yeye hakujibu hata mara moja. Mimi kama msimamizi nilikuwa na uwezo wa kufunga kundi. Sikulifunga.

Tarehe 11 Juni, Jumatano, saa sita mchana nikiwa kazini, tovuti ilinijibu kwa barua pepe. Walisema wamechunguza michezo yake yote na hawakupata dalili ya udanganyifu. Barua hiyo nimempa afisa. Jioni hiyo mwanachama aitwaye Mutunga aliuliza katika kundi, "Mkubwa, hao wasee wa tovuti walisema nini?"

Nilijibu neno moja: "Imethibitishwa."

Afisa ameniuliza kwa nini. Nilifikiri nikisema ukweli watanicheka mara ya pili. Sina sababu nyingine.

Tarehe 12 Juni, Alhamisi, saa moja asubuhi, nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwa akaunti ya Nyota ya Reli. Naunukuu ulivyo: "Habari ndugu msimamizi. Mimi ni Sirad jirani ya mama Triza. Mama haoni vizuri, mtoto wa jicho. Mimi namsomea wamecheza nini, yeye ananiambia, mimi nagusa simu. Mimi chesi sijui. Matusi yenu simsomei, nimemwambia kundi limenyamaza. Tafadhali waambie waache."

Hapo nilielewa sekunde zile. Ni muda wa mtu kusomewa, kufikiri, kusema, na mwenzake kugusa. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Sikuujibu, na sikuwaambia wanachama.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, Mutunga alinipigia. Alisema, "Huyu anakaa wapi? Mimi na Keynan tunataka kumpitia tumwambie acheze mbele yetu." Keynan naye ni mwanachama wetu. Nilimwambia, "Msimfanyie fujo." Kisha nikamtumia anwani. Ujumbe wenye anwani ungali katika simu yangu, na simu nimeiacha hapa kituoni.

Tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, Keynan alinipigia akihema. Alisema, "Mambo imeharibika. Tulipata wako wawili kwa simu moja, mmoja anasoma mwingine anasema. Mutunga akadhani tumewashika live. Akavuta simu, mathe akakataa kuiachilia. Ameanguka kwa ngazi." Nilimuuliza wako wapi. Akasema wametoroka. Akaongeza, "Si ulisema imethibitishwa?" Kisha akakata simu.

Nilichukua bodaboda nikafika Kware saa tano na dakika tano. Watu walikuwa wamejaa ngazini. Walikuwa wakimteremsha mama mmoja mzee kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne. Alikuwa amejifunga leso na mguu wake wa kushoto haukukaa vizuri. Hakulia. Alikuwa akiwaambia, "Polepole wanangu, hapo kuna ndoo." Nyuma yake alikuja mwanamke wa Kisomali akiwa na simu iliyopasuka mkononi, akisema, "Mimi nilikuwa namsomea tu. Wallahi namsomea tu."

Nilijibanza ukutani ili kiti kipite. Kilipita karibu nami kiasi cha kunigusa shati. Mtu mmoja aliniuliza, "Unamjua huyu mama?" Nikasema hapana.

Jana tarehe 17 Juni, saa tisa alasiri, nilikwenda hospitali alikolazwa. Nilibeba machungwa. Muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake, nikasema ninatoka kanisani. Niliambiwa amevunjika nyonga na atafanyiwa upasuaji. Nilikuwa nimepanga kumwambia kila kitu.

Aligeuza uso kunielekea lakini niliona hanioni. Alinishika mkono akasema, "Karibu mwanangu. Nani amekutuma?" Nikamwambia nimejituma. Alisema wale vijana walitaka simu, na kwamba angejua wangemvunja mguu angewapa. Alicheka kidogo. Alinieleza kwamba marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, na jioni walikuwa wakicheza chesi katika ukumbi wa wafanyakazi. Mume alipokufa, alikaa miaka tisa bila mtu wa kucheza naye, hadi Sirad alipompatia klabu kwenye simu.

Akasema, "Kuna mmoja huko anajiita Mfalme wa Jericho. Huyo ni mchezaji! Ila ana haraka. Siku ya mwisho alitoa malkia wake bure, nikasikitika. Tangu hapo hajacheza nami tena. Sirad anasema anaumwa. Wewe mtu wa kanisa, hebu mtaje katika maombi yako."

Nilisema, "Nitamtaja, mama."

Akauliza, "Utamkumbuka jina?"

Nikasema nitalikumbuka. Nikaweka machungwa juu ya kabati nikatoka. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi hadi saa za kuwaona wagonjwa zikaisha. Sikurudi ndani.

Mutunga ndiye aliyevuta simu, na anaishi Umoja. Keynan anaishi Pumwani, upande wa Majengo. Nambari zao nimezitoa. Lakini ningependa iandikwe kwamba wale wawili waliamini wanamwendea mdanganyifu. Mimi nilijua si mdanganyifu, na nilijua siku tatu kabla hawajapanda ngazi zile.

Haya niliyoyasema ni kweli, ni yangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: S. Ochola

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Mwangangi, kwa Kiswahili. Nimemsomea shahidi, ameyakubali bila kubadilisha neno, ametia sahihi mbele yangu saa tano kasoro dakika kumi. Faili itapelekwa kwa mkuu wa upelelezi aamue kama atabaki shahidi au atashtakiwa. Nimemwagiza asimwendee tena mlalamikaji wala kuwasiliana naye kwa njia yoyote hadi kesi iamuliwe. Aliniuliza, sasa ni nani atakayemwambia mama ukweli. Nikamjibu kwamba maelezo haya atasomewa mahakamani.