Bango la Injinia na Maneno ya Mwisho ya Kapteni Gani

Shangazi Choleng mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu huku karanga ziko jikoni, niokoe tafadhali kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi tunamzika Kapteni Gani, kiongozi wa barangay yetu, yaani mtaa wetu huu, na mwenzetu wa darasa moja tangu shule ya msingi, na mimi ndiye niliyepangwa kushika kipaza sauti nieleze maisha yake mbele ya watu wote, na tangu nipangwe chakula hakipiti, nikimeza wali unakwama kooni.

Gani tunamjua sisi tuliosoma naye, Shangazi, hakuwa malaika, darasa la nne alilirudia mara mbili na ndiyo sababu tukakutana naye, alikuwa mrefu kuliko mwalimu, na siku moja alimwibia Mwalimu Ebora jogoo akampika supu ya papai bichi nyuma ya choo cha shule, halafu akamwonea huruma mwalimu kwa kupotelewa na jogoo, akampelekea bakuli, mwalimu akainywa yote akasema, "Gani, hesabu zimekushinda lakini jiko limekukubali," na Gani huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa kapteni wetu, na kile kimbunga kikubwa kilipopiga alimbeba Bibi Insiang mgongoni majini mpaka shuleni, bibi akaanza kumlilia nguruwe wake aliyeachwa, Gani akarudi tena majini kumfuata nguruwe, na nguruwe akazaa mle mle kwenye darasa la nne, Gani akasema, "Afadhali, leo kuna aliyefaulu humu bila kurudia."

Sasa mwenyekiti wa umoja wetu wa tuliosoma pamoja ni Injinia Teodulo, ambaye sijawahi kuona hata banda la kuku alilojenga, na ambaye hakusemezana na Gani miaka mingi kwa kuwa Gani alimshinda kwenye uchaguzi, basi tangu Gani afe analia kumshinda mjane, ametuvisha sote fulana zenye jina lake mgongoni, lake yeye, Shangazi, siyo la marehemu, na kwenye uwanja wa mpira wa kikapu tunapofanyia matanga ametundika bango, uso wa Gani umebanwa kwenye kona kama stempu na uso wa Injinia umejaa katikati, mpaka Bibi Insiang, ambaye macho yamemwishia, akawasha mshumaa chini ya bango akamwombea Injinia pumziko la milele, mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, akasema, "Bibi, mimi ni mzima!" bibi akamjibu, "Ndivyo mnavyosema nyote siku za mwanzo, mwanangu. Fuata tu mwanga, usigeuke nyuma," watu wakacheka hadi karata za kukeshea msiba zikawadondoka mikononi.

Injinia huyo ameniandikia hotuba nisome, inasema Gani alikuwa wa kwanza darasani kila mwaka, hakuonja gin maisha yake yote, na asubuhi aliyokufa alimpigia Injinia simu akamwambia, "Dulo, waongoze watu wangu," eti hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Shangazi, maneno ya mwisho ya Gani niliyasikia mimi, kwa sababu alifia kwenye benchi la duka langu, alikuja akaniita komare kama kawaida yake, maana ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu Jepoy, akasema, "Komare, nipe zile ngozi za nguruwe za kukaanga, na siki, lakini Luz asijue," akala, akacheka, akainamisha kichwa nikadhani amesinzia.

Na Luz mkewe kila nikifika matangani ananishika mkono ananiuliza, "Kweli alimtaja Dulo? Mimi hakunitaja?" nami najibu sikusikia vizuri, maana nani aliyewahi kumpa mjane maneno ya ngozi za nguruwe, na Injinia ni mtu mzito, na Jepoy ameahidiwa ukatibu wa barangay Injinia akishinda kiti cha Gani, na mimi siyo mtu wa ugomvi, na marehemu hasemwi vibaya. Nikitoka huko napita kwanza mgahawani kama desturi ili marehemu asinifuate nyumbani, ila siku hizi napita migahawa miwili hata mitatu na bado nahisi Gani yuko nyuma yangu. Nisome hotuba, au nijifanye sauti imekauka?

Ni mimi,
Niliyekabidhiwa Kipaza

*

Wewe uliyekabidhiwa kipaza,

Kwanza kazime jiko. Karanga zimeungua.

Pole kwa msiba. Umempoteza mtu wa kweli, na watu wa kweli siku hizi ni wachache kuliko mainjinia. Nimecheka kwa jogoo, nikafuta machozi kwa nguruwe, na Bibi Insiang namtumia salamu zangu. Asiyeona ndiye aliyeliona bango vizuri kuliko ninyi nyote.

Sasa tuambizane. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikitafuta hicho kinachokukwama kooni, na siyo wali. Umekificha kati ya "Injinia ni mtu mzito" na "mimi siyo mtu wa ugomvi." Ni ukatibu wa Jepoy. Umeupitisha hapo mbio mbio, kichwa chini, kama mtu aliyebeba kuku wa wizi kwapani. Ulidhani Shangazi hatamsikia akilia?

Dulo simshangai. Kufa kufaana, na wa namna yake hawakosekani kwenye msiba wowote, hata paka akifa watatundika bango. Ninayemshangaa ni wewe. Gani aliiba jogoo mmoja, na bado mwenye jogoo akapelekewa bakuli la supu. Wewe unataka kumwiba marehemu mzima mzima, na mjane hujampelekea hata kijiko.

Eti marehemu hasemwi vibaya! Nani kakuambia kurudia darasa la nne ni vibaya? Vibaya ni kumlaza jenezani mtu mwingine kabisa, mwenye akili za kutisha, asiyejua gin, halafu mumwambie Luz alie juu yake. Luz atamlilia nani hapo? Huyo wa kwenye hotuba hakuwahi kulala kitandani kwake.

Tena hebu rudia maneno ya mwisho uliyoyasikia kwa masikio yako mwenyewe. Yarudie polepole, wewe mwanamke! "Lakini Luz asijue." Mama wa watu anakushika mkono kila siku akikuuliza kama alitajwa, na jibu unalo mdomoni. Katajwa! Jina lake ndilo la mwisho kutoka kwenye kinywa cha mumewe, na lilitoka kwa namna linavyotoka kwa kila mwanamume aliyeoa vizuri, yaani kwa woga. Wewe umelikalia kwa sababu lilitoka na harufu ya siki.

Basi fanya hivi, tena leo, usingoje Jumamosi. Chukua pakiti ya ngozi hizo hizo na siki yake, nenda kwa Luz, mfungie mlango Injinia, umwambie yote. Atakugombeza kwa kumuuzia mtu aliyekatazwa mafuta, na ugombezwe, umestahili. Halafu atalia, halafu atacheka, na wewe utakaa hapo hapo mpaka amalize. Mwombe ruhusa ya kusema habari za jogoo na nguruwe. Hakunyimi.

Hotuba mrudishie mwandishi wake aisome mwenyewe. Akinuna, mwambie Bibi Insiang ameshamwombea, hana cha kupoteza. Siku ya uchaguzi mtakutana kwenye sanduku la kura, na huko hakuna kipaza. Jepoy naye akautafute huo ukatibu kwa miguu yake, asiupate kwa mgongo wa baba yake wa ubatizo. Akiukosa atakusaidia dukani, na kwa hali ya karanga zako, msaada unauhitaji.

Na hiyo migahawa mitatu acha, unanenepa bure. Ukisoma uongo Jumamosi, zunguka vibanda vyote vya supu mkoani, mtafika nyumbani pamoja, wewe na Gani, na hatakuwa na hamu ya kucheka. Lakini ukimpa Luz jina lake, basi ukitoka makaburini usipite popote. Nenda moja kwa moja nyumbani. Akikufuata, mwachie benchi, na siki uiweke karibu.

Shangazi Choleng