Masikio ya Baba Yako Hayajafunga Mizigo

Karakana ya Pampu,
Chumba cha Barua,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako mkubwa. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kikohozi ulichokitaja kimekwisha, na wajukuu wangu wanaendelea vizuri na masomo. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi, lakini halijanishinda. Baba yako naye ni mzima, tena mzima kuliko alivyokuwa ulipompigia simu mwezi wa Aprili.

Barua yako niliipata. Uliniomba nimshawishi aache kazi ahamie kwako, kwa kuwa macho yake sasa hayatambui ila mwanga na giza. Ulisema chumba kiko tayari. Sikukujibu mapema kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijaamuliwa. Sasa limeamuliwa.

Nianze na aibu tuliyoipata, ndipo utakapoielewa furaha yangu. Wateja wetu, kama ujuavyo, huleta maombi ya matengenezo kupitia tovuti ya karakana. Mtu hujaza fomu, hueleza pampu yake ina nini, kisha huambatisha sauti ya pampu aliyoirekodi kwa simu. Baba yako husikiliza na kuutaja ugonjwa, mafundi wakaenda na vifaa vinavyotakiwa. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo tangu macho yafifie, na hakuna aifanyaye kama yeye.

Lakini sauti zile hazikuweza kusikilizwa palepale kwenye tovuti. Karani alilazimika kupakua kila faili, kulitafuta ndani ya kompyuta, na kulifungua kwa programu nyingine. Simu za watu huyapa mafaili majina yanayofanana, kwa hiyo kompyuta yetu ilijaa "rekodi ya kwanza", "rekodi ya pili", mpaka ya mia na ushei. Siku moja mwezi huo wa Aprili karani akafungua faili la mteja mwingine. Baba yako alisikia beringi iliyokufa, yaani gololi za mhimili zilizolika, akasema beringi imekufa. Mafundi wakaenda kwenye kiwanda cha sabuni, wakaifungua pampu ambayo beringi yake haikuwa na kosa lolote, na katika kuirudishia wakakipasua kifuniko chake.

Msimamizi alikuja na ripoti mkononi. "Mzee, macho yalishaondoka," alisema mbele ya watu wote. "Naona na masikio nayo yanafunga mizigo."

Mafundi walicheka. Baba yako aliinuka. Alivua ovaroli yake, akaikunja, akaitia ndani ya mfuko. Msimamizi akampa muda mpaka mwisho wa Mei: kosa moja zaidi, apumzike.

Kabla ya kuja kushika barua za karakana hii, nilikuwa mwalimu na nilisahihisha madaftari kwa miaka thelathini na minne. Nikikuta jibu sahihi chini ya swali lisilo lake, simlaumu aliyejibu kabla ya kujua nani amezichanganya karatasi. Nilikaa na karani, tukalinganisha namba za maombi na mafaili, moja baada ya jingine, na siku ya pili kosa tukalikuta. Karani, masikini, alilia. Nilimpa leso, nikamwambia afute machozi ili tuandike ripoti.

Msimamizi aliisoma, akasema muda ni uleule, basi nikaipeleka kwa mama anayetutengenezea tovuti. Karakana nzima humwita Bi Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza, "Kwa nini faili litoke kwenye ombi lake?"

"Sijui," nikamjibu. "Wewe ndiye uliyelifungulia mlango."

Alitabasamu, akaenda zake. Baada ya wiki tatu akaniita nione.

Mwanangu, sasa sauti iko palepale ndani ya ukurasa, chini ya jina la mteja na namba ya ombi lake. Kuna kitufe kilichoandikwa "Sikiliza", na mstari unaoonyesha sauti imefika wapi. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, ndicho kinachoitoa sauti chenyewe. Hakuna kupakua wala kutafuta. Zipo aina chache za mafaili ambazo kivinjari hakiziwezi, nazo bado zinapakuliwa kwa njia ya zamani, lakini ukurasa unalisema hilo waziwazi. Nilimsifu kwa hilo, na unajua kwamba mimi si mwepesi wa kusifu.

Nilimwomba jambo moja zaidi: baba yako aweze kusikiliza peke yake, bila kushikwa mkono. Bi Kimya akalipanga. Baba yako akibonyeza kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, kompyuta humtajia namba ya ombi na jina la mteja, kisha sauti huanza. Akikibonyeza tena, husimama. Mshale mmoja hurudisha nyuma sekunde tano, mwingine hupeleka mbele. Alijifunza asubuhi moja tu.

Zikiwa zimebaki siku tatu Mei iishe, likaja ombi la bweni la wasichana. Kwa siku mbili wanafunzi walikuwa wakipandisha ndoo za maji ghorofa nne. Mafundi wetu wawili walikuwa wamekwisha kubadilisha mota bila mafanikio, basi wakairekodi pampu na kuiambatisha sauti yake. Msimamizi mwenyewe alikuja akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Baba yako akabonyeza. Ilisikika kama changarawe zinazungushwa ndani ya sufuria. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu aliinamisha kichwa.

"Mota mmeibadilisha bure," alisema. "Pampu inavuta hewa. Tazameni kiungo cha bomba upande wa kisima, kimelegea."

"Una hakika, mzee?" msimamizi akauliza.

"Shaka nimewaachia wenye macho. Wapigie simu wakaze."

Baada ya saa moja na nusu faili jipya liliingia katika ombi lilelile. Baba yako alilifungua kwa kidole chake mwenyewe. Pampu ilikuwa ikivuma laini, maji yakigonga ndoo tupu, na nyuma yake wasichana wakipiga vigelegele. Chumba kizima tulisikia. Akakigeuza kiti chake kuelekea mlangoni.

"Msimamizi, masikio yamefungua mizigo."

Msimamizi alicheka hadi akajishikiza mlangoni. Kisha akafanya uungwana: akaomba radhi mbele ya watu walewale. Ovaroli ilitoka mfukoni siku hiyohiyo. Mama yako mkubwa alitaka kuipiga pasi, baba yako akakataa. Anasema mikunjo ile ameitolea jasho.

Kwa hiyo hahamii. Chumba ulichomwandalia kitunze, maana mwisho wa mwaka atakuja akiwa mgeni, akae wiki mbili, kisha arudi kazini.

Jambo jingine. Ile mashine yako ya kufulia uliyoilalamikia, irekodi, uijazie fomu kwenye tovuti yetu na kuambatisha sauti. Sisi ni watu wa pampu, lakini baba yako anasema ndani yake mna pampu, basi inamhusu. Utapewa namba na utangoja zamu. Hatuna mlango wa nyuma kwa ajili ya undugu.

Nisalimie mume wako, na shangazi yako ukimwona. Wajukuu waambie babu yao mkubwa anangoja barua zilizoandikwa kwa mkono. Mungu awalinde, awape afya na riziki ya halali.

Nilipokuwa nakaribia kutia sahihi, baba yako aliniuliza nimeandika nini kuhusu mashine. Nikamsomea. Akasema, "Mwambie asizungumze anapoirekodi, ataniharibia kazi. Alete na faili la pili, lenye sauti yake mwenyewe tu. Hilo sitalitafutia ugonjwa."

Akupendaye na asiyechoka kukuombea,
Baba yako Mkubwa