Nambari Inayoanza na 214

Carrollton, Texas
12 Agosti

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini goti limepata nafuu na mahindi ya Makueni yamekubali. Sisi ni wazima, ila joto la huku linatutoa jasho hadi kanisani. Barua hii namkabidhi Kanana, nesi mwenzangu anayekuja likizo, maana kwenye simu nisingemaliza.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikupigia nikilia kwamba mwanao Mutuku ana mwanamke. Sikutunga, Mama. Nilikuwa nafua sare yake ya ghala la Mesquite, nikatoa karatasi mfukoni: 2147483647. Tarakimu kumi, mbele 214, na kila mtu wa Dallas anajua hiyo ni simu ya hapa mjini. Jina hakuna! Mtu huandika nambari bila jina kwa nini? Nikapiga mara tatu, haikupokelewa. Nikasema ahaa, huyo ananijua.

Basi nikawa askari. Kila Jumamosi Mutuku ananyoa ndevu, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, eti ameitwa overtime. Kupakia maboksi na shati jeupe! Nikanusa kola. Nikasoma maili za gari kabla na baada.

Jumamosi iliyopita nilimfuata hadi mtaa wa Vickery Meadow, nikamwona akiingia kwa Gaudiose, mjane Mrundi anayesafisha vyumba hotelini. Nikasukuma mlango bila hodi, kiatu mkononi.

Kulikuwa na watoto tisa wamekaa sakafuni, na ukutani ile nambari yangu, kubwa hivi. Mutuku alikuwa akiwaeleza kwamba ukiandika mbili mara thelathini na moja, ukazizidisha zote, ukatoa moja, unaipata hiyo, na haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe. Akasema mzee mmoja Mswisi, macho karibu yameisha, aliithibitisha bila mashine zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Watoto hawakuamini, walikuwa wanajaribu kuigawanya kwa saba. Gaudiose akanivutia kiti, akidhani nimekuja kusaidia. Nikavaa kiatu changu.

Alinificha kwa sababu tulipofika Amerika nilimwambia ualimu ameuacha uwanja wa ndege. Nilisema nikicheka. Kumbe ilimwingia.

Sasa nikiri. Mimi ndiye niliyekuomba usipokee simu zake mpaka amwache huyo mwanamke, na hakuna mwanamke. Mutuku hajui. Anaamini umemkasirikia kwa kuwa hakuja kumzika baba. Kila Jumapili baada ya ibada anapiga, inaita hadi inakatika, kisha ananiambia labda Mama yuko shambani. Nami huitikia kwamba labda. Naona aibu, Mama.

Jumapili hii akipiga, nakuomba upokee. Nitakuwa kando yake, na nitamwambia nilichofanya wewe ukisikia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mungu akutunze.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Everline