Haldersby wa Peckham hawamo kwenye ramani

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, ile mvua ya London isiyojua kunyesha wala kuacha. Leo sina zamu hospitali, nikasema nitalala mpaka saa nne. Wapi! Saa kumi na mbili macho makavu, na hasira za jana ziko palepale nilipoziacha.

Nina jambo la kumwambia Baba na siwezi kulisema. Nazunguka nalo tangu jana. Nimeosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nimemgombeza Neema, binti yangu, kwa sababu ya taulo. Taulo, jamani! Mtoto mwenyewe anafanya kazi, mtu mzima, akanitazama akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba niko wa ajabu siku hizi. Haya, niko wa ajabu.

Ngoja nianze na jina, maana balaa lote limetoka huko.

Naitwa Salome Haldersby. Hapana, sikuolewa na Mzungu. Niliolewa na Mtaita, akaondoka, na jina lake akaondoka nalo. Haldersby ni jina la babu yake Baba, mtu wa Unguja, mweusi kuliko mimi. Na kwa miaka yote niliyokaa mji huu, limenichosha. Nikiwa kwa daktari, dada wa mapokezi anaita, nasimama, yeye ananipita kwa macho, anamtafuta Haldersby nyuma yangu. Nikipiga simu kuulizia flati ya kupanga, naambiwa njoo mama, karibu sana. Nikifika mlangoni, kumbe imechukuliwa dakika hiyohiyo. Waafrika wenzetu nao hawana nafuu. Kanisani kwetu Lewisham kila anayenijua upya lazima aulize, ati hilo jina umelitoa wapi? Ndiyo maana napenda kuitwa Mama Neema. Kwa hilo hakuna anayekuhoji.

Baba yeye analipenda. Akilitaja hunyoosha mgongo.

Habari zake kwetu si siri, tunasimuliwa kila Krismasi mpaka watoto wanakimbia. Babu yake Baba alitekwa bara akiwa mdogo sana, akapakiwa jahazini pamoja na watumwa wenzake, na manowari ya Waingereza ikawakamata waliowabeba. Watoto wakapelekwa misheni Unguja. Pale misheni kila mtoto alikuwa na mfadhili wake Uingereza, na mfadhili ndiye aliyechagua jina la ubatizo. Mfadhili wa babu alikuwa mwanamke mmoja wa kaskazini, Bibi Haldersby, hakuolewa. Kaka yake, Peter, alikuwa amefariki kijana. Akaomba yule mtoto apewe jina la marehemu, lote, la mbele na la nyuma. Basi akatoka majini Petro Haldersby.

Sasa Mwunguja akisikia hivyo haulizi zaidi. Huyo marehemu ni somo yake, wa jina moja naye, na somo ni mtu wako. Mnaulizana hali, mnazikana, watoto wenu wanajuana. Baba amekulia hivyo. Tangu alipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, akapita Dar, akaja kuishia huku, yeye anaamini ana watu wake mahali fulani Uingereza. Hawajui, hawamjui, lakini wapo. Kila akisali anawaombea marehemu wake kwa majina, na wa kwanza ni babu yake. Petro Haldersby. Halafu Peter Haldersby, somo yake. Mie hapo huwa nishaondoka kwenda jikoni.

Mwezi uliopita akatokea Bwana Geoffrey.

Naye ni Haldersby, wa huko kaskazini, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Kazi yake sasa ni kulitafuta jina hili popote lilipo duniani. Hana kazi nyingine! Alimpata Neema kwenye mtandao, kwenye majina ya waliokimbia mbio za hisani, akaandika kwa adabu zote akiomba kututembelea. Baba aliposomewa, alinituma siku hiyohiyo kwenda kununua iliki.

Akaja, mrefu, koti la mvua, ramani ameikunja ndani ya bomba la plastiki. Baba akamfungulia mwenyewe, na magoti yale. "Karibu, somo yangu!" Nikamtafsiria Bwana Geoffrey nusu tu, maana somo unamweleza vipi Mwingereza? Akakalishwa kochi zuri, akapewa chai ya maziwa, maandazi, na halua ambayo mie mwenyewe nilikatazwa kuigusa.

Nikiri, ramani ilinivutia. Jina hili ni adimu kupita kiasi. Limeanzia bonde moja tu la huko juu, kwenye shamba ambalo leo limebaki kuta na kondoo. Wanaume wake walichimba risasi, siyo za bunduki, yale madini yenyewe. Machimbo yalipokufa wakatawanyika. Wengine wakaenda kwenye makaa ya mawe huko Durham, wengine wakapanda meli za Kanada. Kila familia ina kidoti chekundu cha kubandika. Bondeni vimeshikana, halafu vinapungua unavyoshuka kusini, na chini kabisa, peke yake, kidoti cha Peckham, mtaa wetu huu. Alikuwa ameshatubandika kabla hata hajatuona!

Akasema jina linakufa. Waliobaki ni wazee, na mabinti walioolewa. Alisema kwa huzuni ya kweli, nilimwonea huruma. Nikataka kumwambia kwamba binamu zangu wako Tanga, wako Dar, mmoja fundi friji Mwanakwerekwe kule Unguja, wote Haldersby, na wanazaa bila kuchoka. Lakini Baba alikuwa ameshaanza hadithi yake.

Akaisimulia yote, mie nikitafsiri. Bwana Geoffrey akafungua karatasi za ukoo, akatafuta kwa kidole, akampata. Peter, kijana, hajaoa, dada mmoja. Baba akasimama. Nakwambia alisimama kabisa, akashika meza, akalitazama lile jina pale kwenye karatasi. Nilikuwa sijawahi kumwona vile, hata tulipomzika Mama.

Bwana Geoffrey akauliza taratibu, "Kwa hiyo hakuna damu?"

Baba, aliyelinasa neno hilo moja tu, akaniuliza mie, "Damu ya nini tena?"

Nikasema hakusikia vizuri, mgeni anauliza kama chai ina sukari. Mungu anisamehe.

Kabla hajaondoka, Bwana Geoffrey akatualika. Jumamosi hii Haldersby wote wanakutana kanisani, palepale bondeni, wanasali na kula pamoja. Neema akakata tiketi tatu za treni. Baba akatoa suti yake, akanipa niipeleke kwa dobi, akairudisha akisema haikupigwa pasi vizuri, nikaipeleka tena. Ameshawapigia simu Unguja. Ameshatangaza kanisani! Mchungaji amemwombea safari mbele ya watu wote.

Jana mchana Bwana Geoffrey akanipigia mie.

Sauti laini, samahani nyingi. Amezungumza na wenzake. Mkusanyiko ni wa wazawa wa ukoo, wameonelea wasiuchanganye. Hadithi yetu ni nzuri mno, angependa kuiandika pembeni. Ila ramani ni ya kizazi, na kile kidoti cha Peckham amekibandua. Halafu akaongeza, "Nisingependa mzee asafiri mwendo wote huo aje kujisikia mgeni."

Unaona adabu hiyo? Mtu anakufungia mlango huku anakufunika shuka usipate baridi. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Nikabaki nasema sawa, sawa, asante kwa kupiga. Asante! Nimemshukuru mtu aliyemfuta baba yangu.

Na nikisema ukweli wote, nilipokata simu kuna mahali ndani yangu palipopumua. Kwa sababu sikulitaka jina hili kamwe. Mtoto kaibwa kwao, kaletwa pwani, na hata jina analoitwa ni la maiti ya Mzungu. Ndiyo tunyooshe mgongo? Miaka mingi nimejiambia, Baba akishatangulia, nitalibadilisha kisheria. Leo nimewaza, basi, wametusaidia. Wachukue chao.

Nikaacha kuandika, nikajipa moyo kwa hilo. Baada ya chakula cha mchana nikamwendea.

Alikuwa dirishani, redio chini chini, anapangusa viatu vya Jumamosi. Nikakaa kitandani kwake nikamwambia. Sikupamba. Nikasema Geoffrey amepiga, wanataka watu wa damu tu, sisi hatumo.

Akaendelea na kiatu.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, Baba."

"Lakini alikula hapa."

Hasira zikanipanda, nikaanza kusema ovyo. Nikasema afadhali. Nikasema wana nini hao, kuta na kondoo. Nikasema, "Baba, tuachane nao na jina lao. Turudie letu wenyewe, la kwetu, lile babu alilokuja nalo."

Akanitazama kama ananisikia kwa mara ya kwanza leo.

"Lipi?"

Nikaanza kuinyoosha shuka yake.

"Nakuuliza, Salome. Lipi?"

Miaka yote hii, mie mtu mzima, mwuguzi, nimepanga kurudia jina ambalo sikuwahi hata kuuliza ni lipi. Nilidhani lipo. Nilidhani Baba analo mahali, ameliweka tu kwa heshima ya misheni.

Akazima redio. Akasema walipokuwa wadogo walimsumbua sana babu yao kwa swali hilo. Babu wewe kwenu ukiitwa nani? Alikuwa akijaribu, mzee wa watu, kwa ajili ya kuwafurahisha. Alikumbuka mto. Alikumbuka mama yake anamwita kutoka ng'ambo, na mwito ulivyokuwa, unapanda halafu unavutwa mwishoni. Ile sauti aliweza kuwaigizia. Ila neno lenyewe halikuwemo. Alikuwa mdogo mno alipochukuliwa, na aliyekuwa akimwita hakuwepo tena. Siku moja alipokuwa akiigiza akaanza kulia, bibi yao akawafukuza, na hawakumwuliza tena.

Kisha Baba, mzee wangu huyu, akaiga ule mwito. Chini chini, hapa Peckham, kiatu mkononi. Unapanda, unavutwa. Hamna neno ndani yake.

"Hawa wakitaka jina lao," akasema, "mimi nitamwombea nani? Mungu anajua, sawa. Lakini mimi nimwite nani?"

Nimetoka mle nikaenda bafuni nikafungua maji ya bomba ili Neema asinisikie.

Nilikuwa nina hasira na Geoffrey. Sasa nina hasira na kila mtu. Na wale walioteka watoto. Na misheni, iliyopokea mtoto anayelia na isimwulize kwanza mama alikuwa akikuitaje, kabla hajasahau. Na mie mwenyewe, kwa kukimbilia jikoni kila sala. Na yule Bibi Haldersby nashindwa kumkasirikia, hilo linaniudhi zaidi. Alikuwa amefiwa. Alitaka pawepo na mtu duniani wa kuitika jina la kaka yake. Na amempata, na wajukuu, na vitukuu, na fundi friji. Katika wote aliowaacha nyuma, ni sisi tuliofanya alilotaka!

Nikampigia Geoffrey palepale bafuni, maji yanamwagika.

Sikumwomba. Nilimwambia Jumamosi tunakuja, watu watatu. Nikamwambia Baba hasikii vizuri, kwa hiyo atakaa mbele, na magoti yake hayawezi ngazi. Akaanza samahani zake. Nikamkata, kitu ambacho sijawahi kumfanyia Mwingereza hata mmoja katika nchi hii. Nikamwambia chakula tutakuja nacho wenyewe, ramani yako usiiguse, iache vilevile. Hatuji kudai damu ya mtu. Kuna marehemu wawili wanataka kuombewa na mtu wao, na mtu wao yupo hai na suti imeshapigwa pasi.

Kisha akasema kanisa ni la umma, hakuna anayeweza kumzuia mtu kusali. Sijui kama hiyo ni karibu au ni onyo. Nimeamua kutokufikiri.

Baba nimemwambia safari ipo. Hakuuliza nimefanyaje. Aliuliza kama huko juu kuna baridi, nikasema baridi kali, akasema basi fulana mbili.

Mvua bado. Chai imepoa ninapoandika haya. Naogopa, nisijidanganye. Naogopa watamtazama kama ninavyotazamwa kwa daktari, na safari hii nitakuwa nimempeleka mwenyewe. Wakifanya hivyo nitalia mbele ya kondoo wao wote, najijua.

Lakini atapiga magoti mle ndani, atafumba macho, na atamtaja babu yake kwa jina pekee ambalo dunia ilimwachia. Na mie Jumamosi sina jiko la kukimbilia.