Mwiko wa Mama Kwenye Injini

Goweko, Jumanne

Injini haijafa. Nilijua! Lori la kijiji chetu cha ujamaa limechakaa kweli, hata mita ya maili imezunguka ikarudi sifuri, lakini fundi wa mjini alisikia ile ngo-ngo-ngo akatuambia tuliuze kama chuma chakavu. Na tumbaku ingebebwa na nini?

Leo nimeazima mwiko wa mama. Ncha moja nikaiweka kwenye injini, nyingine sikioni. Nilivyoogopa kukosea mbele ya watu! Ndani shwari. Kelele ilikuwa mbele, kwenye feni. Nikazima, nikavua mkanda wake, nikawasha tena: kimya. Boliti moja tu ya feni ilikuwa imelegea; nikaikaza.

Mwenyekiti, mzee wa rika la baba, akanivulia kofia: "Shikamoo, fundi."

Nikamrudishia shikamoo yake upesi.

Ugali wa leo ulinuka oili. Mama amenuna. Mimi nimekula nikaongeza.